Mama anasahau, kaka ashampigisha kidole kwa karatasi za nyumba

Asalam aleikum Khalati,

Naandika usiku manake ndo wakati peke yake napata, mama akishalala. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kisauni na mamangu mzazi, mume wangu ni baharia yuko safarini miezi na miezi. Mama ana miaka 76. Alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, mtaa mzima wamjua kwa hayo mahamri, na hii nyumba tunayokaa ameijenga yeye mwenyewe kwa biashara hiyo hiyo, hati ina jina lake.

Ilianza polepole, anasahau miwani, anauliza jambo moja mara nyingi, tukasema ni uzee. Kisha mwaka jana ikazidi. Akawa anatia chumvi kwa unga, anasahau, anatia tena. Mara hajui kukanda, anasimama tu na unga mkononi ananiangalia kama mimi ndo niliyemuuliza kitu. Sasa kila ikifika maghribi anataka aende kwao, anavaa buibui anasimama mlangoni, na anamuuliza baba ambaye amefariki zamani. Nikimwambia baba alikufa analia kama ndo kwanza anasikia, kesho tena vile vile.

Usiku anatoka. Juzi kati hapa tulimkuta kwa jirani saa nane ya usiku, na leso moja tu, anagonga mlango anaita jina la dadake. Toka hapo Khalati maneno yamekuwa mengi, wanasema anawanga. Vijana wa maskani wamemwambia mwanangu wa kwanza ati mwambie nyanyako akija tena huku usiku tutamchoma. Mimi silali.

La pili ni kaka yetu mkubwa. Anaishi Mtwapa. Alikuja nikiwa sokoni Kongowea, akaja na mwanamume na makaratasi, mama akapakwa wino akapigishwa kidole. Mwanangu ndo aliyeniambia. Nikampigia kaka simu akasema anachukua fungu lake la urithi mapema, mama hajui tena nyumba ni nini, na hizo pesa zitamtibu yeye huyo huyo mama. Na hata hiyo pesa ya wazee ya Inua Jamii, laini ilosajiliwa iko na mtoto wa kaka, sisi hatuoni hata shilingi.

Tulimpeleka kliniki moja tukaambiwa ni uzee, tukapewa vitamini. Tumemsomea, tumemwagia na maji ya kisomo. Dadangu yuko Changamwe, anatuma pesa akipata lakini kuja haji.

Nataka kujua, serikali ina msaada wowote kwa mtu kama mama? Kaka ana haki ya kuuza? Nikienda sokoni namfungia ndani na kufuli, je nafanya makosa? Na Ramadhani ikija afunge au asifunge, manake anafunga kisha anakula na hajui kama amekula.

Nisaidie.
Binti wa Kisauni

*

Waaleikum salaam mwanangu, na pole sana, pole ya kweli. Barua yako ina mambo mengi na karibu yote yameshikana na kitu kimoja, kwamba mama mpaka leo hana karatasi ya daktari inayosema anaumwa nini. Hospitali, hela za serikali, kesi ya nyumba, maneno ya majirani, kila mlango utakaogonga utaulizwa hiyo karatasi. Ila kuna moja ambalo haliwezi kungoja karatasi nalo ni hao vijana, kwa hivyo wacha nianzie hapo.

Hayo si maneno ya kupuuza. Sisi watu wa Pwani twajua vizuri yanakofika. Huko Ganze, Kilifi, kuna Kaya Godoma ambako wazee wamekimbilia baada ya watu wao wenyewe, wengine watoto wa kuwazaa, kusema ni wachawi na kutaka kuwaua. Mzee anayetoka usiku, anaongea peke yake, anasimama mlango wa watu na hajijui, hizo ni dalili za ugonjwa wa akili kupoteza kumbukumbu, na ndo hizo hizo watu wanaziita uwanga. Kwa hivyo kesho asubuhi, kabla hujaenda sokoni, nenda kituo cha polisi uandikishe kwa OB, lile daftari lao la matukio, kwamba mamako ametishiwa kuchomwa, taja siku na waliosema kama mtoto anawajua, na uchukue namba ya OB. Kutishia kumuua mtu ni kosa la jinai. Na kumtangaza mtu kuwa mchawi pia ni kosa, Sheria ya Uchawi iko tangu ukoloni, 1925, na haijafutwa. Ukitoka hapo pita kwa mzee wa mtaa na kwa chifu, uwaeleze mama anaumwa.

Kisha fanya kitu ambacho naona kitasaidia kuliko hata polisi. Nenda kwa imamu wa msikiti wenu, mwambie ukweli wote, umuombe aseme neno baada ya swala ya Ijumaa, kwamba Bi fulani ni mgonjwa, akionekana usiku ashikwe mkono kwa upole arudishwe nyumbani, na mtu asimguse. Na yule jirani aliyegongewa mlango saa nane, nenda kwake wewe mwenyewe ukae naye, umwambie mama alikuwa anamtafuta dadake. Alishtuka yule naye, mtu akigongewa saa hizo lazima ashtuke. Mpe namba yako ya simu. Watu wa huo mtaa wamekula mahamri ya mamako miaka na miaka, wengi wao wakielewa watakuwa upande wako, ni vile hakuna aliyewaeleza.

Sasa hospitali. Aliyekwambia ni uzee hakukusaidia. Uzee wa kawaida unasahau jina la mtu kisha baadaye linakuja. Mtu aliyekanda mahamri maisha yake yote akasimama hajui unga ni wa nini, huo si uzee mwanangu, huo ni ugonjwa, na unavyonieleza ni kama dimensia. Mimi si daktari siwezi kuuthibitisha kwa barua. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 55 duniani wenye dimensia, na aina inayoitwa Alzheimer ndo kubwa, karibu asilimia 60 mpaka 70 ya wagonjwa. Nyingine inatokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa watu wenye presha na sukari ambazo hazikutibiwa vizuri, na Pwani yetu hii presha na sukari ziko kila nyumba.

Lakini usikubali kuambiwa dimensia hivi hivi bila vipimo, kwa sababu kuna magonjwa yanayofanana nayo na yanatibika yakaisha. Tezi ya shingo ikiwa haifanyi kazi vizuri mtu anapotea akili. Upungufu wa vitamini B12, hivyo hivyo. Huzuni kubwa, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka hata kama alianguka wiki nyingi nyuma, na maambukizi ya mkojo, hili la mkojo kwa wazee ni kubwa sana, mzee anaweza kuchanganyikiwa kabisa kwa siku mbili tatu bila hata homa. Ndo maana ukiona mama amebadilika ghafla, jana alikuwa hivi leo ni mtu mwingine, usiseme ugonjwa umezidi, mpeleke apimwe mkojo. Na kitu kingine, angalia dawa anazokunywa. Piriton, hiyo hiyo ya mafua ambayo kila nyumba iko, inavuruga akili ya mzee, na wengi wanapewa kusudi walale. Mtilie dawa zote kwa mfuko, hata za duka, hata za majani, uende nazo daktari azione.

Nenda Coast General, uombe rufaa ya kliniki ya magonjwa ya akili, au Port Reitz ambako pia kuna kitengo hicho. Usiogope neno akili, hapo ndo wanapojua kupima kumbukumbu. Wiki moja kabla ya kwenda andika kwa daftari mambo anayoyafanya, saa ngapi anatoka, anasahau nini, alianza lini, kwa sababu wazee wengi wakifika mbele ya daktari wanajikaza, anajibu vizuri, anacheka, na daktari anaona huyu mbona mzima. Ukifika omba ripoti ya maandishi, yenye jina lake kamili na namba ya kitambulisho, muhuri na tarehe, isiseme tu anaumwa nini, iseme pia kama anaweza kuelewa mambo ya pesa na mali au hawezi. Hilo la mwisho madaktari wengi hawaandiki mpaka uwaombe, na ndo sentensi itakayokuokoa kwa mambo ya kaka. Toa kopi nyingi, ya asili usimpe mtu.

Kuhusu malipo, angalia kama mama ameandikishwa SHA, hiyo bima mpya ya afya ya serikali, kwa jina lake. Ile NHIF iliisha, SHA ilianza Oktoba mosi 2024, na mzazi haingii chini ya kadi ya mtoto, ukidhani yuko ndani ya yako utafika hospitali uaibike. Bonyeza *147# na kitambulisho chake uone. Mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima pamoja baada ya kuulizwa maswali ya hali yake, ila kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole wa kulipa kidogo kidogo. Zahanati na vituo vya afya vya serikali mtu aliyesajiliwa hatakiwi kulipa, kwa hivyo presha na sukari anaweza kupimwa hapo karibu. Na hawa wahudumu wa afya wa jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba na mikoba yao, muite wa mtaa wenu, wana mashine ya presha, na akizoea nyumba yako utakuwa na mtu wa kumuuliza.

Nikuambie ukweli pia, dawa ya kuponya dimensia hakuna. Kuna dawa za kupunguza makali kwa baadhi ya watu, daktari ataangalia kama zinamfaa. Lakini presha ikitulia, akisikia vizuri, akiona vizuri, akilala, maisha yake na yako yatakuwa mepesi kuliko sasa. Kisomo msiache kama kinampa utulivu, hakigongani na hospitali.

Kaka yako.

Hana haki. Sikuzungushi. Mtu aliye hai hana mirathi, si kwa sheria ya Kenya wala kwa sheria ya dini yetu, mafungu yanagawanywa mwenyewe akishakufa na madeni yakishalipwa, hakuna kitu kinaitwa kuchukua fungu mapema kwa nyumba ya mtu anayepumua. Mama angeweza kumpa kwa hiba kama angetaka, lakini hiba inataka mwenye kutoa awe na akili zake na ajue anatoa nini, na kaka mwenyewe kwa mdomo wake amekwambia mama hajui nyumba ni nini. Kama amekuandikia hilo kwa meseji au WhatsApp usifute. Maneno hayo yanaivunja karatasi yake mwenyewe, kwa sababu ukimuuzisha mtu ambaye unajua haelewi, mkataba huo unaweza kuvunjwa mahakamani.

Cha haraka ni kuzuia hati isihamishwe. Kidole kwa makubaliano ya kuuza si mwisho wa mambo, nyumba haijahama mpaka uhamisho usajiliwe ofisi ya ardhi, na kwa uhamisho anayeshuhudia sahihi anatakiwa amuone mama, amtambue, na ahakikishe anasaini kwa hiari yake. Kwa hivyo fanya sachi ya hiyo hati, yaani uombe ofisi ya ardhi ikuonyeshe rekodi yake, ujue imesimama wapi. Kisha muandikie msajili wa ardhi, ukiambatanisha ripoti ya daktari na namba ya OB, umuombe aweke zuio. Watu wanaita kosheni zote lakini kuna kosheni, ile anayoomba mtu mwenye madai kwa hiyo ardhi, na kuna zuio la msajili mwenyewe, na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inampa msajili nguvu ya kuzuia shughuli yoyote kwa hati akiona kuna ulaghai au mambo yasiyo sawa. Muandikie na huyo mnunuzi barua kupitia wakili, ajue mwenye nyumba ni mgonjwa, asije akasema alinunua bila kujua. Na hati yenyewe kama bado iko nyumbani itoe, usiiache kwa kabati ambalo kila mtu anajua.

Usikubali mtu akuletee fomu ya power of attorney, ile ya kumpa mtu nguvu ya kusaini kwa niaba yako, ati mama akuandikie wewe. Hiyo nayo inataka mtu mwenye akili timamu siku anayosaini, na hata kama ingesainiwa zamani akiwa mzima, akipoteza akili inakufa. Wewe ukimpigisha kidole utakuwa umefanya alichofanya kaka, na wakili wake ataifurahia. Njia ya sawa ni Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ambayo ilirekebishwa 2022, unaomba uteuliwe msimamizi wa mtu na mali yake kwa sababu hawezi kujisimamia. Unapeleka ripoti za daktari, orodha ya mali, na mahakama itataka kujua ndugu wote wanasema nini. Ukiteuliwa si kwamba nyumba imekuwa yako, utatakiwa kutoa hesabu, na kuuza huwezi mpaka mahakama iruhusu. Hilo naliona zuri hata kwa amani ya nyumba yenu, kaka hatasema dada anataka kula peke yake. Korti ya Kadhi ni ya ndoa, talaka na mirathi, hili la sasa si lake.

Pesa za wakili huna najua. Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa na wanasaidia wasiojiweza, FIDA, chama cha mawakili wanawake, pia wako hapa Mombasa na wanasaidia wanawake, na serikali yenyewe ina huduma ya msaada wa sheria chini ya sheria ya 2016. Anza na mmoja wao, nenda na ripoti na kopi ya hati na kitambulisho.

Na umwambie dadako wa Changamwe na kaka wa Mtwapa, wote wawili, kwamba Katiba kifungu cha 57 inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Familia si wewe peke yako uliyekuwa karibu.

Inua Jamii. Mpango ni wa wazee wa miaka 70 kwenda juu wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi, wakati mwingine zinachelewa zikaja za miezi pamoja. Zile ni za mama, si za mwenye laini. Mpango unaruhusu mzee asiyejiweza awe na mtunzaji anayemchukulia, jina la mtunzaji linaandikwa rasmi, kwa hivyo nenda na mzee wa mtaa au chifu mpaka kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ya Kisauni, useme anayeshika laini hamtunzi mama, uombe mtunzaji abadilishwe uwe wewe pamoja na njia ya malipo. Beba ripoti. Omba pia uambiwe pesa zimelipwa kutoka lini, ukipata hiyo taarifa impe wakili, kwa sababu kula pesa za mzee asiyejiweza ni dhuluma na Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inahesabu hata dhuluma ya mali. Mimi ningempa huyo kijana nafasi ya kurudisha laini kwanza, ni mtoto, pengine ametumwa. Lakini nafasi moja.

Kisha kuna kusajiliwa kama mtu mwenye ulemavu. Wengi wanadhani ulemavu ni mguu au macho, lakini sheria inahesabu na ulemavu wa akili. Unafanyiwa tathmini hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, Coast General ni mojawapo, madaktari wanajaza fomu, kisha Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu linatoa kadi. Sheria yenyewe ni mpya, ya 2025, ilichukua nafasi ya ile ya 2003. Kwa mama usitarajie miujiza, ile faida kubwa ya kusamehewa kodi ya mapato ni ya mwenye mshahara naye hana, na ile pesa ya Inua Jamii ya wenye ulemavu mkubwa ni 2,000 hizo hizo kwa mtu anayehitaji kuangaliwa usiku na mchana, hatapewa zote mbili. Lakini kadi inafaa kwa vifaa kama kiti cha magurudumu siku za mbele, na kwa kuwa ni karatasi ya serikali, ukimuonyesha chifu au polisi hakuna atakayesema unamsingizia mama ugonjwa. Hela maalum ya mtunzaji kama wewe, hapa kwetu haipo. Naiona dhuluma kubwa na natumai wabunge wetu wa Pwani wanasoma.

Kumfungia na kufuli. Najua kwa nini unafanya, unaogopa barabara na unaogopa hao vijana. Lakini usimfungie peke yake. Nyumba yenye jiko la gesi au seredani, mtu asiyekumbuka amewasha, mlango umefungwa kwa nje na ufunguo uko Kongowea, moto ukitokea ni basi. Hata usiku, funga kwa ndani na ufunguo ukae kwako, hapo uko ndani naye. Mchana tafuta mtu wa kukaa naye hizo saa za soko, na hapo ndo pesa ya dadako iende, mwambie asitume tu hela ya jumla, alipe msichana wa asubuhi, na mwisho wa wiki aje yeye mwenyewe alale hapo, wewe ulale. Kama haji basi mama apelekwe Changamwe Jumamosi arudi Jumapili, ingawa kwa wengine kubadilisha nyumba kunawavuruga zaidi, jaribu uone. Chukua kitambaa cheupe uandike namba yako ya simu kwa wino usiotoka, ukishone ndani ya pindo la buibui lake na leso zake zote mbili mbili. Si karatasi, atatupa. Piga picha yake ya uso, uiweke kwa simu yako na ya mwanao. Akipotea toa taarifa polisi saa hiyo hiyo, hakuna sheria ya kungoja saa 24, na watu waende kwanza kule alikokuwa akiishi zamani au akiuzia, wengi wanaelekea huko.

Hiyo ya maghribi inawapata wagonjwa wengi sana, jua likianza kuzama wanahangaika. Washa taa mapema kabla giza halijaingia, mpe chai, mpe kazi ya mikono, achambue mchele au akunje nguo, hata akichambua huo huo kila siku. Na akimuuliza baba, usimwambie tena amekufa. Unamfisha mume wake upya kila jioni. Muulize, baba alikuwa anapenda kula nini jioni? Atakusimulia, na akisimulia atatulia. Anayetaka kwenda kwao wakati mwingine anataka tu kuwa mahali anapojiona salama, toka naye mtembee mpaka mwisho wa uchochoro mrudi, atafika nyumbani.

Wewe mwenyewe unahitaji watu. Kuna shirika la ADOK, Alzheimer's and Dementia Organization Kenya, liko Nairobi lakini linafanya kazi na watunzaji na lina vikundi vya watu wanaopitia hayo hayo, watafute kwa simu. Kukaa na mtu anayejua unachosema bila kumueleza kutoka mwanzo, hicho ni kitu ambacho hata mimi siwezi kukupa kwa barua. Na baharia wako akipiga simu mwambie yote, usimfiche ati yuko mbali.

Mwisho funga. Kalamu imeinuliwa kwa mtu ambaye akili zimemuondoka, hii hadithi ya Mtume tumefundishwa wote chuoni, mama hana dhambi kwa kula mchana. Muulize sheikh wenu akuthibitishie ili na jamaa wanyamaze. Mtu asiyekumbuka amekula au hajala, na anakunywa dawa, akikaa na kiu siku nzima mwili unakauka na akili inazidi kuvurugika, kwa hivyo mpe chakula chake na maji kwa wakati wake. Akitaka kukaa nanyi magharibi mkifuturu mkalishe, mpe tende yake na yeye.

Nitumie ujumbe ukishapata ripoti na ukishajua sachi inasema nini, nikuelekeze kwa barua ya msajili, tutaiandika pamoja.

Khalati